Wawili Wawili: Namna ya Kuleta Kundi la Wanafunzi Mwanza Wakakae kwa Watu

Basi likishusha wanafunzi arobaini mbele ya hoteli, Mwanza itawachukulia kama watalii. Itawauzia maji, itawaonyesha Jiwe la Bismarck kule ziwani, itawapungia mkono na kuendelea na shughuli zake. Lakini wanafunzi wawili wakipiga hodi jioni kwenye nyumba moja ya Buzuruga, hao ni wageni, na mgeni ana haki zake: kiti, maji ya kunawa, chakula na maswali mengi. Fedha hazihusiki sana hapo. Kinachohusika ni namna kiongozi alivyoligawa kundi lake kabla hajaondoka nyumbani.

Ninawaandikia walimu na viongozi wa wanafunzi wanaovuka mpaka kuja upande huu wa ziwa, wengi wao kutoka Kisumu, Nairobi, Kampala na Kigali. Mimi niko upande wa wapokeaji, kwa hiyo mtanivumilia nikisema mambo ambayo wenyeji wenu hawatawaambia usoni. Anayeleta vijana kutoka mbali zaidi, tuseme Würzburg ya Ujerumani iliyofungamana na Mwanza tangu 1966, naye atapata la kumfaa, ila awahi kuwafundisha vijana wake salamu.

1. Chagua majira kwanza

Njooni kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mvua zimekatika, njia za milimani hazitelezi, mpunga umevunwa na viazi vinaanikwa. Nyumba iliyotoka kuvuna hupokea mgeni kwa moyo mweupe zaidi kuliko nyumba inayohesabu debe la mwisho, na huo ndio ukweli hata kama hakuna atakayeutamka.

Juni ina faida nyingine: shule za Tanzania kwa kawaida huwa likizo, kwa hiyo watoto wa nyumba wapo na vijana wenu watapata wenzao. Pia ndio wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma inayofanyika kwenye Makumbusho ya Bujora kuanzia sikukuu ya Ekaristi. Mkija Agosti, mtakuta shule zimefunguliwa. Hiyo inawafaa mnaotaka kutembelea madarasa, lakini mchana nyumba zitakuwa na bibi na mtoto mchanga tu. Kutembelea shule kunahitaji ruhusa ya ofisi ya elimu ya wilaya, si ya mwalimu mkuu peke yake. Ombeni mapema, kwa barua.

2. Tafuta nyumba kupitia mtu

Msitangaze mtandaoni kwamba mnatafuta familia. Mtapata watu wa biashara, na hao si wabaya, ila mtakuwa mmerudi hotelini kwa mlango wa nyuma. Tafuteni mtu mmoja anayeaminika mtaani: mwalimu, katekista, imamu, mwalimu wa kwaya, mwenyekiti wa jumuiya. Yeye anajua nani ana chumba, nani ana mgonjwa ndani, nani angetaka mgeni lakini mwaka huu ana ada za watoto watatu. Mwacheni achague. Mkimletea orodha ya masharti ya choo cha ndani na intaneti, atawatafutia nyumba za wenye uwezo tu, na huko mtakaa sebuleni mkitazama televisheni.

Mambo ambayo hayana mjadala ni machache. Wanafunzi wawili kwa kila nyumba, wa jinsia moja, kamwe asilale mmoja peke yake. Nyumba zote ziwe mtaa mmoja au mitaa inayopakana, mwalimu aweze kuzizungukia kwa miguu kila jioni. Mtu mzima mmoja wa msafara alale humo humo mtaani, simu yake ikiwa wazi usiku kucha, na kila mwanafunzi awe na namba hiyo kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Majina ya wageni yapelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hawajafika. Ataulizwa, na mwenyeji hapaswi kuonekana kama aliyeficha watu.

Mwenyeji naye aambiwe mapema: nani hali nyama ya nguruwe, nani hali samaki, nani ana pumu, nani anatumia dawa kila siku. Mama atakayejua siku tatu kabla kwamba mgeni wake hali samaki atapanga maharage na nsansa, ile mboga kavu ya kunde, bila taabu. Akijua sahani ikiwa mezani, ataona aibu, na aibu hiyo itakaa nyumbani humo mpaka mnaondoka.

Mtaa gani? Nyakato, Buzuruga na Igoma ni tambarare na daladala hazikosi. Nyegezi na Mkolani zinawafaa wanaotaka kuwa karibu na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kisesa, njiani kuelekea Musoma, ina hewa ya kijijini. Mimi ningewapeleka vijana wenye miguu mizuri kwenye nyumba za mlimani, Igogo au Mabatini, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe na njia ni ngazi. Huko hakuna anayeweza kupita bila kusalimiana na mtu, kwa sababu njia yenyewe inapita uani kwa watu.

3. Fedha: zipite mkono mmoja

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwenyeji wa Mwanza hatakutajia bei. Ukimuuliza "Mama, ni shilingi ngapi kwa siku?" atacheka au atanyamaza, na vyote viwili maana yake umemweka pabaya. Lakini vijana wawili wanakula. Mchele, mafuta, mkaa na maji vinanunuliwa. Kujifanya hamlioni hilo kwa kuwa "Waafrika ni wakarimu" ni kumla mtu huku unamsifu.

Njia inayofanya kazi ni hii. Msafara unakubaliana na yule mtu wenu wa mtaani kiasi cha mchango wa chakula, sawa kwa kila nyumba, kubwa na ndogo. Yeye anaupeleka siku mbili kabla ya wageni kufika, na anaupeleka kama mchango wa sokoni, si malipo. Fedha zikitangulia, mama ananunua kwa raha, na wageni wakifika hakuna tena habari ya noti. Zikija mwisho, mkononi, mlangoni, mbele ya watoto, zinageuza siku zote zilizopita kuwa nyumba ya kulala wageni.

Wanafunzi wapigwe marufuku kutoa fedha zao wenyewe, hata kwa nia njema. Kijana mmoja mwenye mfuko mnene akimwachia mwenyeji wake noti tano za elfu kumi, kesho yake mtaa mzima unajua, na nyumba ya pili inajiuliza ilikosea wapi.

4. Karatasi na njia

Mkenya asije mpakani Sirari na kitambulisho cha taifa pekee. Mpango ulioanza 2014 wa kusafiri kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Chukueni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kila mmoja awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kila aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya idhini ya mzazi iliyothibitishwa na wakili, pamoja na barua ya shule yenye majina ya kundi zima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo toeni viatu na sabuni kwenye hiyo mifuko kabla ya mpaka.

Kutoka Sirari mtapita Tarime, Bunda, Lamadi na Magu. Kati ya Bunda na Lamadi barabara inaambaa na Serengeti, macho yawe upande wa kushoto. Wanaotoka Uganda kupitia Mutukula na Bukoba sasa wanavuka Ghuba ya Mwanza juu ya daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani mlikuwa mnasubiri kivuko hapo na kula mahindi ya kuchoma. Daraja ni zuri, mahindi nayakumbuka.

Pangeni kufika kabla ya saa kumi jioni. Mwenyeji anayempokea mgeni gizani hapati muda wa kumwonyesha choo, ndoo ya kuogea na swichi ya taa, na mgeni ataanza usiku wake wa kwanza kwa kuogopa kuuliza.

5. Mizigo na zawadi

Begi la magurudumu liacheni. Kwenye ngazi za Igogo litabebwa kichwani na mtoto wa mwenyeji, na mtoto huyo ni mdogo kuliko mwanafunzi wako. Leteni begi la mgongoni, shuka, kandambili, tochi na chupa ya maji. Wasichana wawe na khanga ya kujifunga, na wavulana wawe na suruali ndefu kwa ajili ya kanisani au msikitini, kwa sababu Jumapili au Ijumaa mtaalikwa.

Zawadi apewe mama mwenye nyumba, siku ya kwanza, kwa mikono miwili. Majani ya chai ya Kericho, kahawa ya Rwanda, sukari, sabuni ya kufulia: kitu kinachotumika. Hataifungua mbele yako, na usingoje aifungue. Ukichagua doti ya khanga, soma maandishi yake kabla hujalipa. Khanga nyingi zinasema vijembe vya wake wenza na majirani, na muuzaji hatakuuliza unampelekea nani. Nimeona mama akipokea kwa tabasamu khanga inayomwambia mtu afunge mdomo wake. Aliivaa jikoni tu, ndani nje.

Peremende msigawe barabarani. Mkishaanza, watoto wa mtaa hawatawaita tena kwa majina.

6. Mlangoni

Wakenya na Waganda wengi hawakuzoea kutoa shikamoo, na hapa ndio ufunguo wa nyumba. Kila mkubwa apewe yake, mmoja mmoja, kuanzia aliyezeeka zaidi. Msiwape wote kwa pamoja kama tangazo. Atajibu marahaba, kisha atauliza za safari, za huko mtokako, wazazi hawajambo, masomo yanaendaje. Jibuni kila swali na kuuliza la kwenu. Salamu haziishi haraka, na hakuna anayesubiri ziishe.

"Niaje" na "sasa" zibaki kwa vijana wenzao.

Mkitaka kumfurahisha bibi, mwambieni kwa Kisukuma "mwangaluka, mayu" asubuhi, au "mwadila" kuanzia mchana. Akikuuliza "mhola?" mjibu "mhola duhu." Asante ni "wabeja." Maneno manne yanatosha, mtakuwa mmeshamchekesha, na akishacheka anaanza kusimulia. Ila mkienda kisiwani Ukerewe msiyapeleke maneno haya bila kuuliza, maana huko kuna Wakerewe, Wajita na Wakara, kila mmoja na lake.

Katika nyumba nyingine mtaona binti akipiga magoti kumsalimia baba mkwe au kumpa mzee maji. Mgeni hadaiwi hilo. Akikunja goti kidogo ataonekana ana adabu, asipokunja hakuna atakayemhesabia. Kinachohesabiwa ni kofia kichwani wakati wa salamu, na simu mkononi.

Mwenyeji anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: mama fulani, baba fulani. Muulizeni mtoto ndani ya saa ya kwanza. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la shuleni ni kumshusha, hata akikuruhusu.

7. Mezani

Mtoto mdogo ataleta jagi na beseni. Nyoosha mikono, amimine maji, mshukuru. Mkubwa hunawa kwanza, mgeni wakati mwingine hunawishwa kabla ya mkubwa, na ukishangaa ufanye nini, subiri mtoto akujie. Sala ikisomwa, nyamaza, hata kama si dini yako. Mkono wa kulia ndio unaokula.

Kitakachokuja ni ugali, mara nyingi wa mahindi, na vijijini wa muhogo au mtama, mweusi kidogo na wenye uzito wake. Pembeni sato mzima aliyekaangwa au aliyepikwa mchuzi, au sangara wa vipande, au dagaa wa karanga. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Kuku akichinjwa kwa ajili yenu, jueni mmeheshimiwa sana, na firigisi msiiguse mpaka itolewe na mwenye nyumba. Katika nyumba nyingi ni ya baba, na akiamua kumpa mgeni ni kwa hiari yake.

Asubuhi kuna chai na michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwanza vikikatwa vibichi na vya pili vikichemshwa kwanza. Vijana wa mjini huviangalia kwa mashaka siku ya kwanza na kuviiba jikoni siku ya nne.

Sahani ikiwa tupu itajazwa tena. Kushiba kunatangazwa: "Nimeshiba, mama, wabeja." Mara ya kwanza hatakuamini. Mara ya pili ataongeza kijiko. Ya tatu, sogeza kiti nyuma kidogo. Kitu kisichokupendeza onja, kimege, kiache pembeni bila kukikunjia uso. Kinachokudhuru kweli, sema mapema na sema sababu: "Samaki ananivimbisha." Hapo hakuna atakayekulazimisha.

Usinywe maji ya bomba kwa kuogopa kusumbua. Uliza: "Mama, maji ya kunywa yapo wapi?" Nyumba nyingi huchemsha, na swali hilo halina kosa.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Siku ya kwanza mtaandaliwa sebuleni na baba, kaka mkubwa na labda jirani mmoja aliyekuja kuwaona. Mama na mabinti wanakula jikoni au uani. Wasichana wenu, kwa kuwa ni wageni, watawekwa sebuleni pamoja na wanaume. Mwalimu mmoja mgeni aliamua kulisimamia jambo hili usiku ule ule wa kwanza, akamwambia baba mwenye nyumba kwamba kwao wote wanakula pamoja. Mama aliitwa, akaja, akakaa, hakula. Msifanye hivyo. Kuleni mlikowekwa, shukuruni, na siku inayofuata mwanafunzi aingie jikoni mapema akamenye viazi. Akishakuwa jikoni atalishwa jikoni, na mazungumzo ya nyumba yako huko: nani anaolewa, samaki wamepanda bei kwa sababu gani, kwa nini shangazi haji tena. Wavulana pia waingie. Watachekwa na kufukuzwa mara mbili. Mara ya tatu watapewa kinu.

Mkipita mahali watu wanakula, mtaitwa: "Karibuni chakula!" Wanaitika wengi, wachache wanakaa. Ukiwa na haraka jibu "Asante, endeleeni." Ukiwa na nafasi, nawa, mega tonge moja, kula, shukuru, inuka. Tonge moja kwa watu usiowajua litakupa mtaa mzima.

8. Siku ya tatu

Wahenga walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wa leo hatawapa jembe, ana aibu, kwa hiyo litwaeni wenyewe. Msiulize "nisaidie nini?" kwa kuwa jibu litakuwa "kaa, mwanangu, upumzike." Angalia kazi inayoendelea na uishike: ufagio alfajiri, vyombo baada ya chakula, ndoo ya maji, dagaa wanaoanikwa, mtoto anayelia. Msindikize mama sokoni, umbebee kapu. Ukipelekwa mwaloni Kirumba, mahali samaki wakavu na dagaa wanapofungwa kwenda mpaka Kongo na Burundi, usiende na kamera shingoni. Nenda kama mtu aliyetumwa dagaa.

Kiongozi wa msafara ana kazi yake hapa: apunguze ratiba. Msafara unaowachukua vijana saa mbili asubuhi na kuwarudisha saa mbili usiku kila siku umewapatia vitanda tu. Angalau siku mbili nzima ziwe tupu, bila basi, bila semina. Mtaogopa kwamba watachoka. Watachoka kidogo, kisha wataanza kucheza bao na babu.

Picha zipigwe baada ya kuomba, na watoto wa jirani wasipigwe bila wazazi wao kujua. Mkipiga picha ya familia, ichapisheni pale Makoroboi mjini kabla hamjaondoka na muwaachie kwenye fremu. Picha iliyobaki kwenye simu ya mgeni haijampa mwenyeji kitu.

9. Ziwa

Ukarimu na usalama vinagombana hapa, na usalama ushinde.

Mwenyeji atawaalika kuogelea au kupanda mtumbwi wa binamu yake. Ziwa lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani ambamo konokono hukaa, na vimelea huingia kwa kupenya ngozi, wala havihitaji umeze maji. Sehemu nyingine zina mamba na viboko. Atakayekuwa amegusa maji hata hivyo ajifute haraka, na wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani akapime. Dawa ipo na inatibu.

Kwenye chombo chochote, jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa. Safiri mchana kwa vyombo vilivyosajiliwa. Kwenda Nansio, kule Ukerewe, kuna meli kutoka mjini, mwendo wa saa tatu hivi, au mzunguke kwa barabara kupitia Bunda na kuvuka kwa kivuko cha Kisorya hadi Rugezi. Kukataa mtumbwi wa binamu ni rahisi mwanafunzi akimsingizia mwalimu: "Mwalimu wetu hajaturuhusu." Mwalimu abebe lawama hiyo kwa furaha, ndiyo kazi yake.

Wala msiwaulize wenyeji habari za MV Bukoba kama mnavyouliza habari za mpira. Meli hiyo ilizama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na makaburi ya wengi waliokufa yapo Igoma. MV Nyerere ilizama 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Nyumba mnayolala inaweza kuwa na picha ukutani ya mtu aliyekuwemo. Akianza kusimulia mwenyewe, sikilizeni mpaka amalize.

10. Mwenyeji naye atoke

Mkipanga kwenda Kisiwa cha Saa Nane au Makumbusho ya Bujora, mchukueni mwenyeji na mtoto wake mmoja, na kiingilio mlipe nyinyi. Utashangaa ni watu wangapi wamezaliwa Mwanza, wanakiona kisiwa kila siku kutoka barabarani, na hawajawahi kukanyaga. Saa Nane ni hifadhi ya taifa, mwendo mfupi wa boti, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao cha chini, kwa hiyo pasipoti na vitambulisho viwe mkononi.

Bujora ni bora zaidi mkienda na mzee. Ilianzishwa miaka ya 1950 na padri Mkanada, David Clement, na ina ngoma na viti vya watemi, yaani machifu, wa Kisukuma. Mwongozaji wa makumbusho atawaeleza vizuri juu ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu karne ya 19, lakini mzee wenu atawaambia babu yake alikuwa upande gani, na kwa nini upande wa pili walikuwa wanadanganya.

11. Kuaga

Kuondoka kunahitaji nusu siku. Jioni ya mwisho kila mwanafunzi aage nyumbani kwake, na asubuhi wenyeji watawasindikiza hadi barabarani. Basi la saa kumi na moja alfajiri linawanyima hilo. Pangeni la saa nne.

Mtapewa vitu: mchele, dagaa, michembe, na pengine kuku hai aliyefungwa miguu. Pokeeni kwa mikono miwili. Kuku hai havuki mpaka bila kibali cha mifugo, basi mwambieni mama: "Nimepokea, mama. Nitunzie, akiangua vifaranga nitakuja kuwaona." Atawatunza kweli, na atawatumia habari zao. Dagaa wafungwe kwenye karatasi nzito mara tatu, wasafiri kwenye buti la basi, wala si ndani pamoja na watu.

Mkifika kwenu, mpigieni simu jioni ile ile: tumefika salama. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi, kwa sababu simu ya mama huenda iko kwa mwanawe wa pili aliyeko Geita.

Kisha kiongozi asubiri wiki mbili na kumpigia yule mtu wa mtaani. Mwombe awapitie wenyeji mmoja mmoja akiwa peke yake, aulize nini kiliwatatiza, kwa maana kwako wote watasema "hakuna shida, walikuwa watoto wazuri." Kwake watasema kijana mmoja alikuwa anaoga mara tatu kwa siku na maji yanaletwa kwa ndoo, mwingine alilala na chandarua wazi, wa tatu hakusema neno mpaka siku ya tano. Uliza pia ni nyumba zipi zingependa kupumzishwa mwaka ujao. Kuna mama atakayepokea wageni kila mara akiulizwa, hata asipokuwa na kitu, na ni huyo mtu wenu peke yake anayejua ni nani.